Wanafunzi wanavijua vifaa, wateja hawavitumii: tunakosea wapi?

Swali: Nafundisha tiba kazi chuoni, yaani kumsaidia mtu mwenye ulemavu au ugonjwa aweze kufanya shughuli zake za kila siku. Wanafunzi wangu wanapima vizuri, lakini vifaa saidizi wanavyopendekeza wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo vinaishia kuwekwa pembeni. Niwafundisheje kuchagua kifaa kinachoendana na utamaduni wa mtu?

Jibu: Mwalimu, naanza na kiti mwendo kimoja. Mwanafunzi niliyekuwa namsimamia alimpimia mama mmoja nyonga, paja na kimo cha kuwekea miguu, vyote sawasawa. Tuliporudi kumfuatilia, kiti kilikuwa kimetundikwa nguo. Mama alikuwa sakafuni anachambua mboga, wajukuu wamemzunguka. Kazi, mlo na maongezi ya nyumba ile vilifanyika chini. Kiti kilimpandisha juu na kumtenga. Fomu yetu ya tathmini haikuwa na swali hata moja la kuuliza, "Mchana unakaa wapi, na nani?"

Ndiyo maana nashauri ugeuze somo: siku ya mtu kwanza, kifaa baadaye. Kabla ya kushika futi, wanafunzi wakashinde na mtu mwenye ulemavu aliyeridhia. Waone anaogea wapi, choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, viatu vinavuliwa wapi, nani anaruhusiwa kumshika.

Darasani napenda kutumia mguu wa Jaipur, mguu bandia uliobuniwa India mwaka 1968 na fundi Ram Chandra Sharma pamoja na daktari wa upasuaji P. K. Sethi. Miguu bandia iliyokuwa ikitumika ilikuwa na kifundo kigumu na ilidai kiatu, kwa hiyo aliyeivaa hakuweza kuchuchumaa vizuri, kukaa chini kwa kukunja miguu wala kwenda pekupeku. Wao wakatumia mpira unaopinda. Ukipata aina zote mbili, waache wanafunzi wazikunje kwa mikono yao.

Vifaa vya mawasiliano, vya wasioweza kuongea, navyo vikaguliwe msamiati. Nimewahi kushika ubao wa picha uliotafsiriwa: "nataka" ipo, "sitaki" ipo, shikamoo haipo. Mtoto akiomba maji kwa mkubwa anaonekana hana adabu, na wageni wakija wazazi wanauficha ubao.

Lile zoezi la kumfunga mwanafunzi kitambaa machoni kwa saa moja nimeliacha. Linaleta hofu na huruma tu. Aliyeishi bila kuona miaka ishirini hatembei kama aliyezibwa macho leo. Afadhali umwalike mtumiaji mzoefu wa fimbo nyeupe awe mkufunzi, alipwe, na atoe alama.

Ila utamaduni usigeuzwe kisingizio. Mwanafunzi akiandika "mila yao hairuhusu", muulize: nani kasema? Mara nyingi ni mume au kaka. Kifungu cha 20 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 kinazungumzia mtu kwenda atakako kwa namna na wakati anaochagua mwenyewe. Basi aulizwe mwenyewe, ikibidi faraghani.

Shirika la Afya Duniani, katika mafunzo yake ya vifaa saidizi, linataja hatua nne: kuchagua, kurekebisha kimfae mtu, kumfundisha kukitumia, na kufuatilia. Muda ukibana, ya nne ndiyo inayokatwa. Kwangu mwanafunzi hapati alama za mafunzo kwa vitendo mpaka arudi kwa mteja akaangalie kifaa kimechakaa wapi. Kikiwa kipya vilevile, anaanza upya.