Boti ya mbao Mtera: usiianike juani, usishindilie pamba kwenye mbao kavu

Mkuu, simamisha hiyo kazi kwanza. Umeandika kwamba unaitoa boti yako ya mbao bwawani Mtera sasa hivi Julai, ikae nchi kavu mpaka mvua za Desemba, na umeuliza namna ya kuhifadhi boti na mashine. Halafu ukaongeza kwamba fundi amekushauri uigeuze kifudifudi juani ikauke kabisa, kisha ajaze pamba kila penye uwazi. Ukimsikiliza, Desemba utanunua mbao.

Ubao uliozoea maji ukikauka husinyaa kwa upana, urefu haubadiliki sana. Ubao wa sentimita 20 unaweza kupoteza milimita 5 au zaidi, na kwa jua la huku na ule upepo mkavu haichukui muda. Maungio yanafunguka mpaka unaona mwanga upande wa pili. Hapo ndipo fundi anakuja na nyundo na patasi butu, anashindilia pamba mpaka ijae, anapaka puti, anachukua hela yake. Boti inapendeza kweli. Ukiishusha majini mbao zinavimba, zinataka kurudi kwenye upana wake, na nafasi ile imeshajazwa. Zinasukumana mpaka kilicho dhaifu kiachie: misumari inang'oka, taruma (ubavu wa ndani wa boti) linapasuka, ubao wa karibu na mkuku (gogo la uti wa mgongo chini ya boti) unabinuka. Maji yanaingia pale ambapo hapakuwa na tundu, na unamwita fundi yule yule umlipe tena. Inaniudhi sana, kwa sababu ushauri huu unatolewa kwa kujiamini kila kiangazi. Boti ya faiba ianike utakavyo. Mbao ni kitu kingine.

Boti ya mbao inahifadhiwa na unyevu wake. Iweke kivulini, imekaa wima. Mkuku ulale juu ya mawe au magogo sehemu 3 au 4, kila egemeo likae chini ya taruma, la sivyo mkuku utapinda. Ubao usiguse udongo hata kidogo, maana mchwa wa huku hawana likizo. Kila wiki kagua egemeo zote; ukiona vijia vya udongo vinapanda, vikwangue. Tandika magunia ya katani ndani, yamwagie ndoo 2 au 3 za maji jioni, na rudia yakikauka. Juu funika kwa nyasi au makuti, hewa ipite. Turubai la plastiki lililobana linapika mbao mchana na kuleta ukungu.

Kuna wanaoizamisha kwenye maji ya kina kifupi na kuijaza mawe. Ziwani ni njia nzuri. Mtera ni bwawa la umeme, maji yake yanateremka hadi kwenye mitambo ya umeme ya Kidatu, na kiangazi ufuo unarudi nyuma sana. Leo imezama, baada ya muda iko kwenye tope lililopasuka, juani. Ukichagua njia hiyo uwe tayari kuisogeza kila maji yanapokimbia, na mamba unawajua.

Desemba usianze na nyundo. Toa tu pamba iliyooza. Ishushe pembeni, ifunge kamba, iache ijae maji siku 2 au 3. Itavuja sana mwanzoni, usiogope. Mbao zikishavimba kumba maji yote, angalia panapoendelea kutiririka, weka alama ya mkaa, itoe na uzibe hapo tu ubao ukiwa bado na unyevu. Pamba iingie kwa mkono mwepesi.

Mashine haina maneno mengi. Iwashe ndani ya pipa la maji safi, chomoa mpira wa mafuta, iache inguruke mpaka izime yenyewe ili petroli isibaki kwenye kabureta ikawa gundi. Ikiziba, mashine ya tu-stroki inakosa mafuta yenye oili na pistoni inakwama. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha oili ya tu-stroki, vuta kamba taratibu mara chache, rudisha plagi. Fungua oili ya giaboksi. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, sili inayozuia maji imekufa, badilisha sasa. Ihifadhi ikiwa imesimama.

Fundi akija kabla boti haijaloweka, mwambie arudi baada ya siku 3.