Ficha kadi, namba ya gari iache

Maswali ya magari tuliyopokea safari hii karibu yote ni ya utapeli, na mengi yanaanzia kwenye simu kabla mtu hajagusa hata kitasa cha mlango. Nimeyafupisha na kuondoa majina.

Nauza IST yangu Instagram. Naona wenzangu wanaziba namba za usajili kwenye picha. Na mimi nizibe? Halafu kuna mteja anaomba picha ya kadi ya gari "akahakiki TRA" kabla hajaja kuliona. (Tabata, Dar es Salaam)

Ukitaka kuziba, ziba, ila usidhani umejikinga sana. Namba hiyo hiyo inasomwa na kila mtu ukiwa kwenye foleni ya Ubungo. Kinachonitisha mimi ni hiyo kadi. Ina jina lako, namba ya chasisi na namba ya injini, na mwenye picha yake ana mambo mawili ya kufanya.

La kwanza, analitangaza gari lako kama lake, kwa bei ya kutupa, anachukua "kishika uchumba" kwa watu walioko mikoani, halafu anazima simu. Watakaokuja kugonga geti ni kwako. La pili ni zito zaidi. Wezi wakipata IST nyingine ya rangi hiyo, wanaifunga namba zako na kuigonga namba ya chasisi yako. Huko inakokwenda inaitwa yako, na faini za barabarani zinasoma kwako.

Mteja wa kweli atakuja alione gari, aione kadi mkononi mwako, kisha muongozane TRA. Akisema yuko Mbeya na atamtuma ndugu yake, sawa, ndugu aje. Ikilazimu kabisa kutuma picha, funika namba za chasisi na injini, na uandike tarehe katikati ya picha, si pembeni ambako inakatwa kwa kidole.

Mnunuzi amenitumia picha ya risiti ya benki. Anasema pesa itasoma kesho kwa kuwa benki zetu ni tofauti, lakini anataka kuondoka na gari leo. (Arusha)

Basi aondoke nalo kesho.

Risiti ya picha inatengenezwa kwenye simu kwa dakika chache. Angalia salio lako mwenyewe, na usiamini meseji anayokuonyesha yeye. Pesa ikishaingia, wekeaneni saini mbele ya wakili na mbadilishe umiliki TRA bila kukawia. Gari likigonga mtu wiki ijayo na kadi bado ina jina lako, polisi wataanza na wewe.

Nakodisha Noah yangu kupitia magrupu ya WhatsApp. Kijana aliichukua kwa siku tatu, akalipa vizuri, akaacha nakala ya NIDA. Siku ya nne simu haipatikani. Sasa nasikia gari liko Morogoro kwa mkopeshaji, limewekwa rehani. Askari mmoja ananiambia hiyo ni kesi ya madai, si ya jinai, niende mahakamani. (Kimara)

Pole sana kaka. Malipo yale mazuri ya siku tatu ndiyo mtaji wenyewe wa mchezo huu. Wakopeshaji wa kausha damu hawaulizi mengi: gari wakiliona uani na kadi mezani, hata iwe ya kufyatua, pesa inatoka.

Askari anasita kwa sababu funguo ulitoa kwa mkono wako. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, inapoeleza nini maana ya wizi, haiishii kwa anayechukua kwa siri. Inamgusa pia anayegeuza mali ya mwenzake kwa hila, na inataja waziwazi nia ya kuitumia mali hiyo kama rehani. Rudi kituoni na mkataba wenye tarehe ya kurudisha gari, kadi halisi na mazungumzo yenu yote ya simu, uombe RB, namba ya taarifa yako polisi, na umwone mkuu wa upelelezi wa kituo. Kama hamkuandikishana mkataba, zile meseji za "nitarudisha Jumapili" ndizo mkataba wako, usizifute. Morogoro usiende peke yako, wala usilipe deni la mtu ili upewe gari lako mwenyewe.

Kuhusu ile nakala ya NIDA, nina wasiwasi kwamba sura iliyomo si ya yule kijana. Anayekodi gari kwa nia ya kulipoteza hatoi kitambulisho chake, anatoa chako wewe msomaji, ulichokirusha kwenye grupu la ajira au kwa mtu aliyekuahidi mkopo wa dakika tano. Unayekodisha, dai kitambulisho halisi, ukilinganishe na sura iliyo mbele yako, na umpige picha akiwa kando ya gari. Unayetoa nakala, andika juu yake kwa kalamu: "ya kukodi gari tu", na tarehe. Kisha piga *106# uone kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA.

Na GPS funga mbili. Ya kwanza mwizi anajua pa kuipapasa.

Nimeona Probox kwa Facebook, bei nzuri mno. Mwenyewe ako Nairobi na amenitumia picha ya logbook. Nitume deposit aniwekee? (Likoni, Mombasa)

Usitume. Fanya utafutaji wa rekodi za gari hilo NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ada yake ni ndogo, na utapata jina la mwenye gari. Jina hilo lifanane na kitambulisho cha mtu utakayeonana naye ana kwa ana, na chasisi iliyogongwa kwenye bodi ifanane na ya logbook, yaani kadi ya gari ya Kenya. Ukikuta majina mawili, la mtu na la benki, gari bado lina mkopo, hivyo benki nayo lazima iachie. Mtu asiyetaka kuonana hana gari.

Nina Harrier ya kuwasha kwa kubonyeza kitufe, funguo naziweka kwenye kikapu pale mlangoni. Ni kweli wanaweza kuiwasha bila funguo? (Mikocheni)

Ni kweli. Mmoja anasimama karibu na mlango wako na kifaa kinachonasa mawimbi ya funguo, mwenzake yuko kwenye gari na kingine, na gari linadhani mwenyewe umefika. Kuzihamishia funguo chumbani kunasaidia. Kipochi chenye utando wa chuma ndani kinasaidia zaidi, ila kijaribu kwanza: zitie funguo humo, simama kando ya gari, vuta kitasa.

Kuna njia mbaya kuliko hiyo. Mwaka 2022 jijini London, Toyota RAV4 ya mtaalamu wa usalama wa mitandao, Ian Tabor, iliibwa baada ya wezi kuchokonoa sehemu ya taa ya mbele mara kadhaa. Alipochunguza na mwenzake Ken Tindell, walieleza kwamba wezi hupita kwenye nyaya za taa na kuingiza amri kwenye mtandao wa nyaya unaounganisha kompyuta za gari, kwa kifaa kilichofichwa ndani ya spika ya Bluetooth. Kwa wizi huo kipochi hakifui dafu. Funga loki ya usukani, ile ya chuma ya kizamani, na swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta. Ukikuta bampa limevutwa pembeni, usiseme ni bodaboda.

Nimepata meseji kwamba gari langu linadaiwa faini, nilipe leo kwenye namba ya mtu. (Dodoma)

Faini inalipwa kwa kontroo namba. Angalia deni mwenyewe kwenye mfumo wa TMS wa polisi, kisha tuma neno UTAPELI kwenda 15040 uripoti namba iliyokusumbua.

Mume wangu kanunua gari, kapiga picha akiwa yadi na funguo mkononi, kaweka Facebook: "Mungu ni mwema". Nikimwambia afute ananiona naamini uchawi. Pia anapenda yale mashindano ya "gari lako la kwanza lilikuwa lipi?" (Tanga)

Hapa uchawi hauna kazi, dada. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba meno ya funguo yanaweza kusomwa kutoka kwenye picha na funguo ikachongwa upya, hata kama picha ilipigwa mbali kwa lenzi kubwa. Kwa gari la kisasa funguo ya kuchonga haitoshi kuliwasha, lakini mlango inafungua, na kontroo boksi, kompyuta ya gari, imo ndani. Mwambie aikate picha mkono usionekane, amshukuru Mungu vilevile. Na za safari azirushe akisharudi.

Yale mashindano yana shida nyingine: "gari lako la kwanza" ni swali la usalama linalotumika kurudisha nywila ya akaunti. Mwache acheze, ila ajibu uongo.