Akiba ya nani? Namna nilivyoacha kubandika static kila mahali katika Java

Programu yangu ya kwanza ya Java iliyokuwa na kazi ya maana ilikuwa ya kutunza hesabu za kikoba cha mama yangu, ambazo hadi wakati huo zilikuwa zikiandikwa kwenye daftari la kaunta. Nilitengeneza klasi ya Mwanachama, yaani kiolezo cha kuundia wanachama, nikaipa kigeu (mahali pa kutunzia thamani) cha jina na kingine cha akiba, nikaandika methodi, yaani kazi inayoitwa kwa jina, ya wekaAkiba, kisha ndani ya main, methodi ambayo programu huanzia, iliyokuwa humo humo nikaandika `wekaAkiba(5000);` nikitarajia mambo yaende. Kompaila, yaani kifaa kinachokagua na kutafsiri msimbo, ikagoma:

```
non-static method wekaAkiba(int) cannot be referenced from a static context
```

Yaani methodi isiyo ya static haiwezi kuitwa hivi hivi kutoka mahali palipo static. Sikuelewa neno, lakini programu niliyokuwa nikiandikia msimbo ilipendekeza niongeze static mbele ya methodi, nami nikakubali. Kosa likahamia kwenye akiba, nikaibandika static nayo. Likahamia kwenye jina, kwa kuwa methodi ilikuwa ikilichapa, nikafanya vivyo hivyo. Mistari myekundu ilipokwisha nikalala nikiamini kwamba nimeshinda.

Kesho yake niliwaingiza wanachama watatu wa majaribio:

```
Mwanachama a = new Mwanachama("Mwajuma");
Mwanachama b = new Mwanachama("Rehema");
Mwanachama c = new Mwanachama("Asha");
a.wekaAkiba(5000);
b.wekaAkiba(3000);
c.wekaAkiba(2000);
```

Nilipochapa jina na akiba ya kila mmoja, nilipata mistari mitatu inayofanana: Asha 10000, Asha 10000, Asha 10000. Mama aliyekuwa amesimama nyuma yangu akauliza, "Mbona Asha watatu, mwanangu? Wenzake umewapeleka wapi?" Kompaila haikulalamika na programu haikuzimika, na ndiyo sababu naiona dawa ile ya haraka kuwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe: inakuondolea kosa linaloonekana na kukuachia lisiloonekana.

Kigeu cha static ni kimoja tu kwa klasi nzima, hata ukiunda objekti (vitu vinavyotokana na klasi, kama Mwajuma na Rehema hapo juu) elfu moja, ilhali kigeu kisicho na static huwa na nakala yake ndani ya kila objekti. Kikoba chenyewe kinalijua jambo hili siku nyingi: kuna ubao mmoja ukutani unaosomwa na wote, na kuna kitabu cha kila mwanachama anachokwenda nacho nyumbani. Mimi nilikuwa nimevitupa vitabu vyote na kuwaambia watu waandike majina yao mahali pale pale ubaoni, kwa hiyo Rehema alimfuta Mwajuma, Asha akamfuta Rehema, na fedha za wote zikajumlishwa pamoja.

Tangu siku hiyo nalisoma kosa lile kama swali: akiba ya nani? Ninapoandika `wekaAkiba(5000);` ndani ya main, Java haina namna ya kujua nataka kitabu cha nani kiongezwe, kwa kuwa main ya static huitwa kupitia klasi yenyewe kabla ya mwanachama yeyote kuundwa, na kwa sababu hiyo hiyo neno `this`, linalomaanisha "objekti hii", halina maana humo. Kilichonichanganya kuliko vyote ni kwamba main na wekaAkiba zilikuwa katika faili moja, hatua chache tu kutoka moja hadi nyingine, nikadhani ujirani unatosha. Hautoshi. Jibu ni kumtaja mwenyewe: unda objekti kwa `new`, kisha uite `a.wekaAkiba(5000);` bila kugusa methodi. Upande wa pili hauna shida, kwani methodi ya objekti inaweza kuita ya static wakati wowote.

Hata hivyo, static si adui. `Math.max`, inayochagua namba kubwa kati ya mbili, na `Integer.parseInt`, inayogeuza maandishi kuwa namba, ni za static na zinastahili kuwa hivyo, maana hazihitaji chochote zaidi ya kile unachozikabidhi, na hakuna anayeuliza ni max ya nani. Tahadhari yangu ni kwa vitu vinavyoonekana kuwa vya wote. Bei ya hisa niliiweka static kwa kujiamini kabisa, kwa kuwa wanachama wote walinunua hisa kwa bei moja, mpaka wifi yake mama alipotaka programu hiyo hiyo itunze pia kikoba chake, chenye bei tofauti. Kumbe bei ilikuwa na mwenyewe, nami ilinibidi niunde klasi ya Kikoba na kuihamishia huko.

Wanaoanza leo huenda wasikutane na kosa hili siku ya kwanza, kwa sababu Java 25, iliyotoka Septemba 2025, inaruhusu main isiyo na static, na Java yenyewe ndiyo huunda objekti ya kuanzia. Lakini ili iiunde, inahitaji konstrakta (sehemu ya klasi inayoendeshwa objekti inapoundwa) isiyodai kitu chochote, na klasi yangu ya Mwanachama ilikuwa na konstrakta moja tu, inayodai jina. Ningeiendesha kwa mtindo huo mpya, ingekataa kuanza, kwa kuwa hata hapo nisingekuwa nimeiambia mwanachama huyo anaitwa nani.