Maswali na Majibu: Barua halali zinapotea, taka zinapita

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia seva ya barua pepe ya shule yetu ya sekondari, yenye watumiaji wapatao sitini. Ni mashine ya Debian yenye RAM ya gigabaiti 2, ikiendesha Postfix (inayopokea na kutuma barua) na Dovecot (inayozihifadhi na kuwafikishia watumiaji). Barua taka zilipozidi niliweka SpamAssassin, programu inayochuja taka kwa kuipa kila barua alama, nikashusha kizingiti kutoka alama 5 hadi 3, na nikaagiza kila barua inayovuka hapo ifutwe. Taka bado zinaingia, na sasa wazazi wanalalamika kwamba barua zao kuhusu ada hazijibiwi, ilhali sisi hatukuziona kamwe. Je, nihamie Rspamd, kichujio kingine cha taka? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kuhama kunaweza kukufaa, lakini ukihama na mipangilio hiyohiyo utahama na matatizo yako. Kabla ya yote, ondoa agizo la kufuta. SpamAssassin yenyewe haifuti barua: huipima, huipa alama na kuandika matokeo katika vichwa vya barua (mistari ya kiufundi ambayo kwa kawaida haionekani), kisha uamuzi hubaki kwako. Barua inayofutwa kimyakimya ni hasara ya pande zote mbili, kwa kuwa mzazi anaamini imefika na mhasibu hajui kwamba iliwahi kutumwa. Barua inayotiliwa shaka iende kwenye folda ya taka, ambako mtu anaweza kuiokoa.

Rudisha pia kizingiti kwenye 5. Uzito wa kanuni za programu hiyo umepangwa kwa kulenga namba hiyo, hivyo ukishusha hadi 3 huongezi ukali dhidi ya matapeli tu. Unawanasa pia watu wema ambao barua zao zina kasoro mbili tatu ndogo za kiufundi.

Kuhusu taka zinazopita, ninashuku DNS, yaani huduma ambayo kompyuta huiuliza habari za majina na anwani za mtandaoni. Sehemu kubwa ya nguvu ya kichujio chochote hutokana na kuuliza orodha za anwani za IP na vikoa vinavyojulikana kwa utapeli, na maswali hayo hupitia DNS. Ikiwa seva yako inatumia DNS ya umma kama 8.8.8.8, orodha muhimu, ikiwemo ya Spamhaus, hukataa kujibu, maana haziwezi kutambua ni nani hasa anayeuliza. Fungua barua taka moja iliyopita, usome kichwa cha X-Spam-Status: ukikuta neno URIBL_BLOCKED, umempata mchawi. Unaweza pia kuandika amri hii kwenye seva:

dig +short 2.0.0.127.zen.spamhaus.org

Hiyo ni anwani ya majaribio ambayo daima imo kwenye orodha. Mambo yakiwa sawa utapata majibu kama 127.0.0.2. Ukipata 127.255.255.254, maana yake ni kwamba swali lako limekataliwa kwa sababu limepitia DNS ya umma. Jibu hilo lina hatari yake pia, kwa sababu Postfix iliyoagizwa kukataa barua kwa jibu lolote kutoka kwenye orodha italichukulia kuwa ushahidi, na itawafungia mlango watumaji wote. Dawa ni kusakinisha Unbound, programu ya DNS, kwenye seva hiyohiyo, iulize yenyewe moja kwa moja bila kupitia kwa mwingine, kisha uelekeze mfumo kwenye 127.0.0.1, yaani seva yenyewe.

Sasa uchaguzi wenyewe. Kwa seva kama yako ningechagua Rspamd. Huunganishwa na Postfix kwa mstari mmoja, smtpd_milters = inet:localhost:11332, na hupima barua wakati seva inayotuma bado iko kwenye mazungumzo, huku ikikagua pamoja SPF, DKIM na DMARC, njia tatu za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa inachodai. Rspamd inahitaji Redis, programu ya hifadhidata, kwa kumbukumbu zake, na RAM yako inatosha, mradi usiongeze ClamAV, programu ya kukagua virusi, ambayo peke yake hula zaidi ya gigabaiti 1. Mipangilio yako iweke kwenye saraka ya Rspamd iitwayo local.d, usiguse faili za asili. Viwango vya kuanzia ni vitatu: kwenye alama 4 mtumaji huambiwa ajaribu tena baadaye, kwenye 6 barua hutiwa alama ya taka, na kwenye 15 hukataliwa. Viache hivyo kwa wiki kadhaa kabla ya kuvigusa.

Kanuni nyingi zinazochunguza maneno ya barua ziliandikwa kwa kufikiria Kiingereza, kwa hiyo utapeli wa Kiswahili, kama ule wa ufadhili wa masomo unaodai malipo ya usajili kwanza, huzipita bila shida. Hapo tegemeo lako ni kichujio cha Bayes kilichomo ndani ya Rspamd, ambacho hupima uwezekano wa barua kuwa taka na hujifunza kutokana na barua zenu wenyewe. Kwa kawaida hakianzi kutoa hukumu mpaka kifundishwe barua 200 za taka na 200 halali, na wengi husahau hizo halali. Dovecot inaweza kupangwa ili mtumiaji anapohamishia barua kwenye folda ya taka, au anapoitoa humo, somo lifike kwa Rspamd papo hapo.

SWALI: Je, ni ungwana kumrudishia mtumaji taarifa kwamba barua yake imezuiwa kama taka? – Msomaji, Eldoret

JIBU: Inategemea wakati. Ukiikataa barua wakati wa mazungumzo ya SMTP (utaratibu wa seva kupeana barua), kwa jibu la 550, yaani kukataa kabisa, seva iliyoituma ndiyo itakayomjulisha mtu wake, na mzazi aliyekosewa atajua apige simu. Ukishaipokea, usimrudishie mtu chochote. Anwani ya mtumaji katika barua taka kwa kawaida ni ya kughushi, kwa hiyo taarifa yako itamwangukia mtu asiyehusika, na seva yako mwenyewe inaweza kuingizwa kwenye orodha za watumaji taka.