Kabla hujatoa hela ya simu used

Dada angu umeuliza simu used ya laki mbili pale Kariakoo uichukue au uache, mi nakwambia usitoe hela kabla hujabonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu hiyo, zilinganishe na za kwenye boksi, halafu zitume kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa ni simu aina gani, sasa jibu likitaja modeli nyingine na we umeshika nyingine irudishe hapohapo. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walizima simu feki, watu wakabaki na vioo tu mkononi, sio mambo ya kuchezea kabisa.

Kingine, na hiki ndo kikubwa, muuzaji atoe akaunti yake ya Google mbele yako ndo airiseti, usikubali aseme "we nenda nayo ntakutolea kesho". Mdogo wangu alikubali hivyo, kuja kuiriseti nyumbani inadai imeili ya mtu asiyemjua, hadi leo iko kabatini.

Weka laini yako upige, uongee na mtu akwambie anakusikiaje, chomeka chaja uutikise waya kidogo uone kama chaji inakatakata, fungua picha nyeupe tupu mwanga ukiwa juu, madoa ya njano yatajionyesha yenyewe. Kamera isikuchanganye sana, ila chini ya GB 64 usichukue, magrupu ya WhatsApp yataijaza mapema mno. Na risiti uandikiwe IMEI juu yake.