Maneno ya Macho: Mtoto, Maporomoko na Punje ya Shayiri

SWALI: Wahariri, hamjambo. Mama mkwe ameandikiwa "cataracte" kwenye karatasi ya hospitali. Nyumbani tunaita mtoto wa jicho. Lakini kijana wangu wa sekondari anasema "pupille" ndiyo yenye maana ya mtoto. Nani yuko sawa? (Msomaji, Kadutu, Bukavu)

JIBU: Dada, wote mko sawa, ila mnataja vitu viwili. "Pupille" ni mboni, lile tundu jeusi katikati ya jicho, wala si ugonjwa. Asili yake ni Kilatini pupilla, kitoto cha kike au mwanasesere. Msogelee mtu penye mwanga, umtazame mbonini: utajiona humo, mdogo kama mwanasesere. Wagiriki nao waliita kore, yaani msichana.

Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa lenzi, iliyo nyuma ya mboni: inafifia kama kioo cha dirisha kilichoshika mvuke. "Cataracte" asili yake ni Kigiriki, maporomoko ya maji. Ndilo jina la wilaya ya zamani ya Cataractes kule Bas-Congo, leo Kongo Central. Maji yameingiaje jichoni? Waganga wa Kiarabu waliamini maji machafu hushuka na kuziba mboni. Karne ya 11, Constantinus Africanus alipotafsiri vitabu vyao kwa Kilatini, akaandika cataracta. Ni 1705 ndipo Mfaransa Michel Brisseau alipopasua jicho la askari aliyekufa, akakuta ukungu umo ndani ya lenzi yenyewe. Kosa liliondoka, jina likabaki.

Kwa hiyo hakuna maji ya kukausha kwa matone wala kwa majani. Lenzi iliyofifia inatolewa kwa upasuaji, ya plastiki inawekwa. Na tafadhali msingoje "mtoto akomae": lenzi iliyoiva mno inaweza kuvimba, ikaziba njia ya maji ya jicho na kupandisha presha ndani yake.

SWALI: Baba anatumia matone ya "glaucome", presha ya macho. Presha ya mkono iko nzuri. Aache? (Ibanda)

JIBU: Asiache hata siku moja! Ya mkono ni ya damu; ya jicho ni ya maji yaliyomo jichoni, nayo ina kipimo chake, kwa wengi kati ya 10 na 21. Kigiriki glaukos ni rangi kama ya bahari, buluu ya kijivu, kwa hiyo jina halimwonyi mtu kwamba mshipa wa fahamu unakufa polepole, mara nyingi bila maumivu. Kilichopotea hakirudi, matone yanalinda kilichobaki. Tone 1, afumbe jicho, abonyeze pembe ya karibu na pua dakika 2. Dawa ya pili ingoje dakika 5, isije ikaosha ya kwanza.

SWALI: "Orgelet" ndiyo chokea? (Bagira)

JIBU: Ndiyo. Orge ni shayiri, nafaka ya kutengenezea bia, na kijipu hicho cha ukingoni mwa kope kinafanana na punje yake. Kikande kwa kitambaa safi na maji ya moto yanayovumilika, dakika 10, mara 4 kwa siku. Usikikamue, usaha utasambaa. Uvimbe ukienea hadi shavuni, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.