Kupanda matunda kwa kokwa nyumbani inategemea na tunda lenyewe

Mkuu umeuliza kama ni kweli kupanda kokwa na mbegu za matunda uliyokula nyumbani ni kupoteza muda, maana jirani kakwambia ung'oe miche yako yote ya embe, papai na parachichi ukanunue ya kubebesha, yaani iliyounganishwa na kipande cha tawi la mti mwingine unaozaa vizuri. Mimi napanda kwa mbegu miaka mingi hapa Kigamboni na nakuomba using'oe kitu. Jirani naye kuna pahali yuko sahihi, ila kila tunda lina tabia yake.

Papai ndo uhakika kuliko yote, ukilitunza vizuri mwaka haupiti mbali unakula. Mbegu yake ina kile kiutando cha utelezi, ukikiacha mbegu inasumbua sana kuota, kwa hiyo zisugue na majivu au mchanga mpaka zibaki zile nyeusi zenye makunyanzi, osha, anika kivulini halafu sia. Sasa papai lina jinsia. Kuna dume ambalo linatoa maua mengi kwenye vishada virefu vinavyoning'inia, hilo halikupi kitu, kuna jike ambalo linategemea chavua ya mti mwingine, na kuna lenye jinsia zote mbili linalojitegemea. Kwenye mche mdogo huwezi kuona tofauti kwa macho, ndo maana tunapanda mitatu au minne shimo moja tunasubiri maua halafu madume tunang'oa. Na mbegu chukua kwenye papai refu sio la duara, maana refu limetoka kwenye mti wenye jinsia zote, na mti huo ukijichavusha wenyewe mbegu zake hazitoi dume.

Embe sasa, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo watu wanakata tamaa bure. Kokwa usiianike juani wiki nzima, inakufa. Ukishakula embe isafishe, iache siku moja ipungue utelezi, kisha fungua lile ganda gumu pembeni kwa mkasi wa bustani taratibu utoe punje ya ndani. Inaota haraka zaidi halafu unajua mapema kama kuna yule fukusi wa kokwa, mdudu anaingia embe likiwa bado changa anakulia humo humo ndani na kwa nje embe unaona zima kabisa. Punje nzima unailaza kwenye kiriba, kile kifuko cha kuoteshea miche, mgongo ukiwa juu, unafukia kidogo tu. Ikiota majani yanatoka mekundu yamelegea, ndivyo yalivyo, wala usianze kumwaga mbolea na dawa.

Hapo sasa hesabu machipukizi. Kuna miembe ambayo kokwa moja inatoa chipukizi moja na kuna ambayo inatoa mawili, matatu hata zaidi. Yakitoka mengi furahi, kwa sababu mengi kati ya hayo hayakutokana na uchavushaji, yametoka kwenye mwili wa mama mwenyewe kwa hiyo embe litakuwa kama ulilokula. Yatenganishe yakiwa madogo, bakiza yenye nguvu. Likitoka moja tu huyo ni mtoto wa mama na baba, utamu wake hutaujua mpaka azae na anaweza kuchukua miaka sita au saba au zaidi. Kent, Keitt na Tommy Atkins, haya maembe makubwa yanayouzwa supamaketi, yote ni ya chipukizi moja, kwa hiyo ukipanda kokwa ya Kent usitegemee kula Kent.

Lakini mche huo huo ndo shina la kubebeshea! Hiyo miche ya kisasa anayokwambia jirani chini yake kuna mche uliotoka kwenye kokwa kama wako. Ukifika unene wa penseli tafuta mwembe unaozaa vizuri, chagua ncha ya tawi iliyokomaa, punguza majani wiki moja kabla ya kukata ili jicho livimbe, ndo unakata kikonyo. Mche unaukata juu unaupasua katikati, kikonyo unakichonga kama kabari unakichomeka, na hakikisha ganda la kikonyo limegusana na ganda la mche walau upande mmoja, hapo ndo panaposhikia. Funga utepe wa plastiki uwe mkazo, vika kifuko, weka kivulini. Chochote kinachochipua chini ya kidonda toa, usikionee huruma.

Parachichi ni bahati nasibu kabisa. Hass yote unayosikia inalimwa Njombe na duniani kote asili yake ni mti mmoja ulioota kwa mbegu California, kwa mtu wa posta aitwaye Rudolph Hass, akaupatia hati miliki mwaka 1935, na kuanzia hapo unazalishwa kwa kubebesha tu. Kwa hiyo mbegu inaweza kukupa kitu kizuri ila usiishi kwa matumaini hayo, otesha mbegu ya kienyeji upande butu ukiwa chini, juu yake bebesha unayoitaka. Udongo usituamishe maji, mizizi yake inaoza upesi sana.

Limau na ndimu panda mbegu bila wasiwasi, nyingi zinafuata mama, ila zisikauke, na uvumilie miiba na miaka kadhaa. Fenesi mbegu yake haikai, panda wiki hiyo hiyo na ikiwezekana palepale utakapokuwa mti, mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa. Stafeli inachelewa kuota, usimwage udongo mapema ukadhani imekufa.

Kwa huu mchanga wetu wa pwani changanya samadi iliyooza vizuri, mbichi inaunguza na inaita mchwa. Kuhamishia shambani subiri masika ianze, ukihamisha Januari utamwagilia mpaka uchoke. Na hapo uwanjani kwako, papai weka popote ila mwembe na parachichi visogeze mbali na ukuta na shimo la choo, mwembe wa kokwa ni mti mkubwa sana. Chagua mwembe mmoja ubaki, mingine ikifika penseli bebesha ugawie majirani, akiwemo huyo.